Alhamisi za Rogath

Mzee Rogath alipofariki, mabomba ya kijiji yalianza kukauka. Hayakukauka siku moja. Yalififia taratibu, kama sauti ya mtu anayesinzia huku akiongea. Kufikia mwezi wa tatu baada ya mazishi, kina mama wa Uru walikuwa wakifungua bomba na kusikia upepo tu ukipita ndani yake.

Kamati ya maji ilituma watu kwenye chanzo, juu mpakani mwa msitu. Walirudi wakasema bwawa limejaa pomoni, maji yanamwagika juu ya ukuta na kurudi mtoni. Basi ikaonekana kwamba bomba limepasuka chini ya ardhi. Wakachimba sehemu tatu, wakang'oa na migomba ya watu, lakini hawakuona hata unyevu. Ndipo Basili, mwenyekiti wa kamati, akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa watapiga kura kukiacha chanzo hicho na kutafuta kingine.

Flavia, binti wa marehemu, alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja mjini Moshi. Ijumaa hiyo alipanda kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kumwona mama yake, Bernadetha, na habari hizo zikamkuta jikoni.

"Mama, lile sanduku la baba kule chanzoni, kuna aliyelifungua?"

"Nani alifungue? Ufunguo si huo hapo juu ya mlango."

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kifaa kilichofungwa na wafadhili miaka ile. Kila saa kilipima kina cha maji bwawani na kukitunza. Rogath, aliyeachiwa ufunguo, alikuwa akikishusha mara moja moja hadi ofisi ya parokia na kukiunganisha na kompyuta kwa waya wa pini tisa, mpaka radi ilipoiunguza kompyuta ile. Flavia alikuwa na laptopu ya kazini, lakini laptopu mpya hazina tundu la pini tisa. Jumamosi asubuhi akashuka mjini, akapata adapta kwenye kibanda cha vifaa vya simu: upande mmoja pini tisa, upande wa pili USB.

Alipompitia Basili kwake, mzee alimtazama kwa huruma.

"Shikamoo, mzee. Nakwenda kusoma lile sanduku la baba kule chanzoni."

"Marahaba, mwanangu. Maji tumeyaona kwa macho. Hako kasanduku katatuambia nini?"

"Sijui, mzee. Lakini kamekuwa huko juu muda wote sisi tukiwa huku chini."

Walipanda pamoja. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na kadiri walivyopanda ndivyo dunia ilivyozidi kupungua, mpaka zikabaki hatua zao na matone yanayodondoka kutoka kwenye majani ya mikuyu. Bwawa lilikuwa limetulia kama jicho lililo wazi usingizini. Flavia alifungua sanduku. Taa ndogo ya kijani bado ilikuwa ikiwaka na kuzima, polepole sana.

Akachomeka adapta. Kimya. Laptopu ilikuwa imeipa adapta mlango namba nane, na programu ya zamani ya kusomea kifaa hicho ilijua kuhesabu milango mpaka minne tu. Akaibadilisha iwe namba mbili. Zikaja alama za ajabu, nyota na vistari vya mshazari.

"Inaumwa?" Basili aliuliza kwa sauti ya chini, kama vile wako kanisani.

"Hapana. Kifaa kinasema polepole, kompyuta inasikiliza haraka."

Akapunguza kasi. Halafu, bila mlio wowote, tarakimu zikaanza kutiririka: tarehe, saa, kina. Zilitiririka muda mrefu, miaka mitatu ya maji ikipita mbele ya macho yao, na Flavia akajikuta amesahau baridi, amesahau alipo.

Kwanza hakuona kitu. Kisha akaona. Maji yalipanda kidogo kila siku, sentimita moja, mbili, halafu yakashuka ghafla. Yakapanda tena, yakashuka. Akahesabu kwa kidole. Zilikuwa siku saba kila mara. Zilikuwa Alhamisi.

"Mzee, baba alikuwa akifanya nini huku Alhamisi?"

"Alikuwa akitembea tu. Alisema anakuja kuyasalimia maji. Sisi tulimcheka."

Flavia alitafuta tarehe moja ya Aprili, miaka miwili nyuma, Alhamisi aliyojifungua mwanawe wa kwanza. Baba alifika hospitali saa tano, suruali imelowa hadi mapajani, na yeye alimnunia mwezi mzima kwa kuchelewa. Kumbe saa moja asubuhi ile, katikati ya masika, maji yalikuwa yameshuka kwa sentimita kumi na tisa. Aliweka kiganja juu ya kioo, akakaa hivyo.

Tangu wiki ya msiba, maji hayakushuka tena. Yalipanda hadi usawa wa ukuta yakabaki huko.

"Bomba halijapasuka," alisema. "Limezibwa mdomo."

Akakiamuru kifaa kipime kila dakika, akavua viatu akaingia bwawani na gauni lake. Maji yalimfika mapajani, ya baridi ya kukata pumzi. Akajikunja, akapapasa chini ya ukuta mpaka akaligusa chujio la mdomo wa bomba. Lilikuwa limevikwa blanketi zito la majani na mizizi. Akavuta. Akavuta tena. Mara ya tano blanketi lote likaachia, na kutoka chini ukaja mlio mrefu, kama mtu mkubwa anayemeza.

"Sitini na nane!" Basili alipiga kelele, amepiga magoti mbele ya laptopu. "Sitini na tano! Yanashuka, mwanangu! Yanakwenda!"

Alimshika mkono kumtoa, na Flavia akaona kwamba mzee analia.

"Miaka yote ile," Basili alisema, "hakuna aliyemwambia hata asante."

Waliposhuka, watu walikuwa wamekwisha kusanyika kwenye mabomba. Maji yalitoka ya kahawia kwanza, yakikohoa vipande vya majani, kisha yakatakata. Basili akawaambia kura haipo tena. Kesho wataandika majina ya watakaopanda kwa zamu kusafisha chujio.

Flavia hakusubiri kusikiliza. Alibadili nguo, akanywa uji wa moto karibu na jiko, akalala palepale kwenye mkeka mchana kweupe. Mama yake akamfunika khanga mbili na kwenda nje kujaza ndoo.