Mtetemeko wa Safari ya Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa mpole, mtaa mzima unalijua hilo, lakini mama mkwe wake alikuwa amemfika shingoni. Alikuja kusalimia. Salamu gani hizo, jamani, zinazohamisha kiti cha mwenye nyumba kutoka mbele ya televisheni hadi karibu na mlango wa choo? Alipanga upya vyombo, akapanga upya kabati, na kabati lilipokwisha akaanza kumpanga kinyozi mwenyewe: soksi zake, chai yake, hata saa yake ya kuoga. Na mkwe humwambii neno. Unasema ndiyo mama, unameza.

Basi siku ya kumrudisha kwake ilipofika, kinyozi aliamka akipiga mluzi. Alimkuta mama mkwe amechuchumaa nje, kisu kikuukuu mkononi, anakwangua magurudumu ya mbele. Alisema si vizuri mtu arudi kwake na gari lenye tope. Kinyozi akaguswa. Kumbe ana moyo mzuri, alijisemea, hasa akiwa anaondoka.

Mitaani gari lilikwenda vizuri. Walipoingia barabara kuu na kuongeza mwendo, usukani ukaanza kucheza mikononi, vikafuata viti, yakafuata meno yao. Mama mkwe alishika kifua, akaomba warudi kwa kuwa yeye bado anaupenda uhai. Jioni hiyo alikuwa kwenye kile kiti, rimoti mkononi, mzima wa afya.

Fundi wa gereji alilaumu bushi, zikabadilishwa. Akalaumu raba za injini, nazo zikabadilishwa. Kila wakifika barabara kuu, mtetemeko ni uleule, na mama mkwe anarudishwa na begi lake, ambalo kinyozi alianza kugundua kuwa lilikuwa jepesi mno kwa mtu anayerudi kwake.

Mwishowe akalipeleka gari kwa fundi wa matairi. Huyo alipitisha kidole kwenye ukingo wa rimu, akauliza nani ameng'oa risasi, vile vipande vidogo vizito vinavyobanwa pale ili gurudumu lizunguke bila kuyumba. Vimebanduliwa kwa kisu, alisema huku akibandika vipya, na mtu anayeijua kazi. Kinyozi akakikumbuka kisu. Halafu akakumbuka kwamba marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa matairi maisha yake yote, na aliyekuwa akimshikia spana ni mama mkwe huyuhuyu.

Alipofika nyumbani upepo ulikuwa unavuma na dirisha lilikuwa wazi, ila mapazia mapya aliyoshona mama mkwe hayakupepea. Yalining'inia yamenyooka, pindo likigonga ukuta ko, ko. Kinyozi akalibinya lile pindo. Risasi zote zilikuwa mle ndani, zimeshonewa kwa mshono mzuri ajabu. Damu ikamchemka. Hata hivyo alichomwambia mkewe ni kwamba gari limepona, na kesho mama anakwenda.

Kesho yake gari lilikata barabara kuu limetulia tuli. Maji kwenye chupa iliyokuwa pembeni ya gia hayakutikisika. Kinyozi alijiona mshindi, akawa anamwibia jicho mama mkwe ili aone anavyoshindwa. Mama mkwe alikuwa anatazama nje. Safari hii hakuomba warudi. Walikwenda mwendo mrefu, kisha akasema polepole, bila kugeuka:

"Kule kwangu, baba, nikisema lala salama hakuna wa kuitikia."

Ushindi wote ukamtoka kinyozi. Aliitafuta hasira yake ya jana, hakuiona. Alimwonea huruma mama wa watu, akajichukia kwa ule mluzi wa asubuhi ya kwanza. Wakaipita njiapanda moja, wakaikaribia ya pili. Hapo akaukamata usukani, akaanza kutetemesha mikono, mabega, mashavu, mpaka kofia ikamwangukia puani.

"Mama," alisema, "naona ule ugonjwa umerudi."

Mama mkwe, mjane wa fundi wa matairi, aliitazama mikono ya kinyozi. Akaitazama chupa ya maji, ambayo ilikuwa imetulia vilevile. Kisha na yeye akashika kifua.

"Tena leo umezidi," alisema. "Geuza, baba. Na kile kiti, tukifika, kaa wewe."