Alizeti za Mgongoni

Kila jioni baada ya kula, Gerson alivuta kiti cha plastiki cha bluu mpaka ubavuni mwa kitanda, akaweka mto mmoja kiunoni na mwingine kisogoni, kisha akaketi kulala. Mkewe, Ruthu, alilala kitandani. Walishikana mikono mpaka mmoja wao apitiwe na usingizi, na aliyepitiwa mara nyingi alikuwa Ruthu. Walikaa hivyo miaka mingi, hata godoro likabonyea upande mmoja tu, kama la mjane.

Kosa lilikuwa la mgongo. Gerson alikuwa mpagazi katika kiwanda kimoja cha kukamua alizeti kule Kizota, na kazi yake ilikuwa kushusha magunia kwenye malori na kuyafikisha ghalani. Mtu asiyejua atadhani gunia ni gunia. Kuna gunia, halafu kuna lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, likashonewa wavu juu, na wavu nao ukajazwa mpaka gunia likaota shingo na kichwa. Mkulima aliyeliuza alilipwa gunia moja. Mpagazi aliyelibeba alilipwa gunia moja. Ile shingo na kichwa hakuna aliyevihesabu isipokuwa mgongo, na mgongo haukuwa na pa kushitaki.

Wenzake kazini walimeza vidonge vikali vilivyouzwa kwa kificho katika duka moja nyuma ya soko. Gerson naye alivimeza msimu mzima. Maumivu yalitulia kweli, lakini Gerson mwenyewe naye alitulia mno. Choo kilimgomea, alisinzia kanisani akiwa amesimama, na siku moja alikutana na Ruthu njiani akamwamkia kama mgeni wa mtaa. Kisha vidonge viwili vikawa havitoshi, vikatakiwa vitatu. Ruthu alivitumbukiza chooni na kumwambia kwamba yeye aliolewa na mtu mwenye mgongo mbovu, hakuolewa na mtu asiyekuwepo. Gerson alitetemeka wiki nzima, akapona vidonge, akabaki na mgongo na kiti.

Mwaka huu kiti nacho kilianza kushindwa. Jioni moja Ruthu, akitoka kununua mboga, alimkuta mumewe amesimama nje ya lile duka, mkono mfukoni, hajaingia na hajaondoka. Alimshika mkono kama anavyoshikwa mtu wa kuvushwa barabara, na kesho yake asubuhi akampeleka kituo cha afya.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapo kituoni alikuwa binti aitwaye Brightness, mwenye viatu vya raba na sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Shikamoo, mzee. Panda mzani."

Gerson alikuwa mwembamba, mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Alipanda. Mshale ukapanda naye, ukapita pale unapoishia kwa watu wazima wa kawaida, ukapita pale unapoishia kwa wakuu wa idara, ukasimama karibu na mwisho, ukitikisika. Brightness aliutazama mshale, akamtazama mzee, akaandika.

"Wewe mwenyewe ni kidogo tu, mzee. Hii nyingine si yako."

"Inatoka?"

"Inatoka. Ila haitoki kwa mkupuo."

Akamkalisha, akamminya uti wa mgongo pingili kwa pingili. Akamwuliza kama miguu hufa ganzi, kama mkojo unatoka vizuri, kama ana vidonda vya tumbo, kama hupata homa. Gerson alijibu yote, kisha akasema alichokuja nacho moyoni: alikuwa anataka kidonge kimoja tu, chenye nguvu.

"Vyenye nguvu vinamficha mbebaji, mzee. Mzigo vinauacha palepale."

Badala yake alimpa vitu vidogovidogo vingi, hata Gerson akaona haya kwa jinsi vilivyokuwa vya kawaida. Paracetamol, imezwe kwa saa zake bila kungoja maumivu yapige hodi, na isizidishwe hata moja juu ya zilizoandikwa. Dawa ya kupaka, asubuhi na jioni. Magunia asiyaguse kwanza. Chumvi ya mawe ikaangwe kavu, itiwe ndani ya soksi, iwekwe kiunoni ikiwa ya moto wa kuvumilika. Kutembea hadi relini na kurudi kila alfajiri, hata kama mgongo unakataa. Na jioni alale chali mkekani, miguu aipandishe juu ya kiti, avute pumzi taratibu mpaka tumbo lipande na kushuka.

"Kiti mnacho?"

"Kiti tunacho," alisema Ruthu.

"Vizuri. Na mkeka muukung'ute asubuhi."

Jioni ya kwanza Gerson alilala mkekani na miguu juu ya kile kiti cha bluu, akajiona mjinga, kama mbuzi anayengoja kuchunwa. Soksi ya chumvi ilikuwa ya Ruthu, ya kwendea kwaya. Alivuta pumzi. Maumivu yalikuwepo, lakini yalisogea kidogo, kama abiria anayempisha mwenzake. Asubuhi Ruthu alipoukunja mkeka, palidondoka punje za alizeti za kujaza kiganja, zile za mistari myeupe na myeusi.

Alidhani zimetoka mfukoni. Kesho yake zilikuwa nyingi zaidi, na Gerson alikuwa amelala kifua wazi. Ruthu akamgeuza, akawasha tochi ya simu, akaona jinsi zinavyotoka: hapakuwa na kidonda wala tundu. Punje ilijitokeza pale kiunoni penye bonde kama tone la jasho, ikakaa kidogo, ikadondoka.

"Zinauma?"

"Zinawasha."

Ruthu akaziokota, akawatupia kuku. Tetea mmoja aliyekuwa mlafi kuliko wenzake alizila karibu zote, na jioni ile akashindwa kuruka kwenye kichanja, akasimama ameegemea ukuta wa banda kwa namna ambayo Ruthu aliijua vizuri. Ikabidi naye awekewe chumvi ya moto kwenye kitambaa na kutembezwa uani taratibu. Siku ya tatu akataga. Tangu hapo punje zote zilikwenda kwenye ndoo, na ndoo ilipojaa zikahamishiwa kwenye gunia. Haba na haba hujaza kibaba, na Gerson alikuwa na vibaba vingi.

Waliporudi kituoni, mzani ulikuwa umeshuka. Ruthu alimweleza Brightness habari ya punje, naye akaitikia kwa kichwa huku akiandika. Alisema mgonjwa wake mmoja aliyekuwa akibeba mahindi hutoa mahindi, tena mengine yameota. Mama mwingine, aliyechota maji kwa kichwa tangu utotoni, aliamka godoro limelowa, na mumewe akamsema vibaya bure. Kwa hiyo alizeti ni afadhali, haziharibu godoro. Akamwongezea Gerson mazoezi mawili ya tumbo na kumwambia asiyaache hata akijisikia mzima.

Gerson hakuyaacha. Alfajiri alitembea hadi relini, kwanza kwa kusimamasimama, baadaye bila kusimama, akiwaitikia kwa salamu ya Kigogo, "mbukwa", wazee wenzake waliokuwa wakipeleka ng'ombe malishoni. Alimeza alichoandikiwa. Siku mbaya zilikuwepo, siku za upepo hasa, mgongo ukarudi na fujo zake zote, naye akalala mkekani akavuta pumzi mpaka ukachoka. Lakini hakwenda tena kusimama nje ya lile duka.

Jioni moja alilitazama lile gunia la pembeni. Mtu aliyeshinda na magunia maisha yake yote hahitaji mzani. Alipima kwa macho, akakumbuka malori, akakumbuka misimu, akaelewa. Humo hamkuwa na hata punje moja ya gunia lenyewe, lile la chini, la halali. Hilo alilibeba, likalipwa, likaisha. Zilizotoka mgongoni zilikuwa za juu tu, za shingo na kichwa.

"Hii ni lumbesa," akamwambia mkewe.

"Yote?"

"Yote. Hii ndiyo iliyokuwa inaniuma."

Ruthu aliendelea kukaanga chumvi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini yeye alikuwa amezifagia zile punje kwa mkono wake na alijua si usufi.

Usiku ule Gerson hakuvuta kiti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapandisha mguu mmoja, akapandisha wa pili, akajilaza chali polepole kama mtu anayeweka mayai. Ruthu, aliyekuwa amezoea kujitawanya kitanda kizima, alisogea ukutani. Walingoja. Mgongo uliguna kidogo, kisha ukanyamaza. Gerson alitazama mabati ya paa, ambayo kwa miaka mingi aliyaona kwa upande tu, na machozi yakamtiririka kuingia masikioni. Alikuwa na furaha, furaha tupu, bila hata kipande cha kitu kingine ndani yake. Ruthu akamwambia anyamaze walale, akacheka, na wote wawili wakachelewa kuamka.

Habari za punje hazikai. Jumamosi ile alikuja Cornel, msimamizi wa ghala kiwandani, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Alisema shikamoo kwa wote wawili, akanywa chai, akasifu afya ya mzee, akaomba kuonyeshwa. Akachota punje kiganjani, akatafuna moja.

"Ni zetu hizi," alisema. "Mafuta yapo. Nashangaa tu zilipitaje getini, maana pale tunapekua kila mtu."

"Zilipita mgongoni," alisema Gerson.

"Ndiyo hivyo. Sasa bosi anaomba zirudi."

Ruthu aliweka birika chini. "Zirudi, sawa. Basi mlipeni kwa kuzibeba."

"Mama, malipo ni kwa gunia." Cornel aliliinamia lile gunia akalitazama kwa haki kabisa. "Na hili bado halijafika mdomoni."

Hakuna aliyebisha, maana kweli lilikuwa bado. Cornel akasema kuna jambo jingine, na hili ni jema. Mshonaji wa magunia amehamia kwa mwanawe kule Bahi. Bosi amekumbuka uaminifu wa mzee. Kazi ni ya kivulini, ya shazia na uzi, anaweza kukaa au kusimama anavyotaka, na habebi chochote.

Gerson alimtazama Ruthu. Ruthu alitazama birika. Gerson akakubali, na alipokubali alihisi wepesi ukimshuka mwili mzima, kwa maana alikuwa akiogopa kimoyomoyo siku ya kurudi kwenye malori.

Aliyekuja kuzichukua punje alikuwa Hassani, mpagazi mpya kutoka Busi, mwanamume wa mabega mapana aliyeoa juzijuzi. Nje kulikuwa na guta la magurudumu matatu, na ndani yake gunia lililojaa tayari, limeshonewa wavu mtupu juu. Hassani alifungua ule wavu wa juu, akazimimina punje za Gerson humo, zikaenea barabara, zikafanya shingo na kichwa. Gerson alimwonyesha jinsi ya kukunja magoti wakati wa kuinua, asiukunje mgongo. Hassani akamshukuru sana.

Basi Gerson akawa mshonaji. Shazia ilimkaa mkononi vizuri. Alijaza, akashona mdomo. Akaweka wavu, akajaza, akashona tena. Kila baada ya muda alisimama, akajinyoosha kama alivyofundishwa, na wapagazi wakamtania kwamba mzee anacheza ngoma. Siku moja Hassani alisimama mbele ya gunia jipya akalitazama kuanzia chini mpaka juu.

"Mzee, hii haijazidi kweli?"

"Imezidi," alisema Gerson, akakaza uzi. "Jioni usisahau chumvi ya moto."

Masika yalipokwisha, Hassani alikuja nyumbani kwao akitembea kwa upande. Alikataa kukaa. Aliuliza kwa aibu kama kile kiti cha bluu bado wanakitumia, maana kitandani halali tena, na mkewe analia.

Gerson alikibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa Hassani, kwa mkono mmoja, akistaajabu njia nzima jinsi kiti kilivyo chepesi. Alikiweka mkekani, akamlaza Hassani chali, akampandishia miguu juu, akamwambia avute pumzi na ameze dawa kwa saa zake, na asiende nyuma ya soko. Akamwambia kwa Brightness aende lini na apitie mlango upi. Akamwambia mke wa Hassani mkeka aukung'ute asubuhi.

Aliporudi, Ruthu alikuwa amekwisha kusogea ukutani. Gerson akajilaza.

"Na za Hassani," aliuliza Ruthu gizani, "Cornel atazifuata?"

"Atazifuata," alisema Gerson, na kwa kuwa mgongo haukumuuma, usingizi ulimchukua kabla hajapata nafasi ya kuona haya.