Sema Tu Tante

"Mariette, uko na bamama bangapi?"

Victoire, jirani yake, aliwahi kumuuliza hivyo kwenye kilio cha kumzika mama aliyemzaa. Victoire ametoka Kisangani, mambo ya Butembo hakuwa ameyazoea. Alimwona Mariette akilia, "Mama, mama," halafu mama mwingine akaingia na sufuria ya viazi, akamwambia, "Mutoto yangu, kula kwanza," naye akaitika, "Ndiyo, mama."

Mariette alicheka katikati ya machozi. "Ule alinizaa. Huyu mudogo yake alinikomalisha. Bote ni bamama."

Leo huyo mama mdogo aliyemlea ndiye aliyelala maiti kijijini Musienene, taya limefungwa kwa kitambaa, na Mariette amekaa kwenye kibao chake katika depo ya kahawa, ungo magotini, akitoa mbegu nyeusi kati ya nzima. Vidole vilijua kazi. Macho yalikuwa mlangoni, yakimngoja Gérard, mkubwa wa wafanyakazi.

Paulin, mdogo wake, alikuwa amepiga simu kabla ya kengele ya misa ya asubuhi. Mama Florentine, yule aliyewalea, amekufa.

"Tunazika leo, yaya, dada yangu mukubwa, mbele ya mvua. Hakuna mutu anataka kutoka ku makaburi na giza, na hii barabara yetu. Lakini sanduku hatufunge kama haujafika. Wewe ndiye mutoto wa kwanza, ndiye unamufunika uso."

Angeenda moja kwa moja. Lakini pale depo, mwanamke akikosa bila ruhusa, kesho yake anakuta mwingine ameketi kwenye kibao chake. Wako wengi wanaongoja kazi nje ya uzio, tena wameongezeka tangu watu wa upande wa Beni walipokimbilia mjini. Na tangu mumewe afe, kibao kile ndicho kinalisha watoto. Basi alikuja kuomba kwanza.

"Umuambie ni tante," Tamar aliyekaa kando yake alisema, bila kuinua uso, akitumia neno la Kifaransa la mama mdogo au shangazi. "Unajua bureau. Kule ku ofisi mama ni moja tu."

"Haiko tante."

"Nani amesema iko? Ni kinywa tu. Mungu anasikia Kiswahili yetu. Kifaransa ya bureau anabaachia benyewe."

Wanawake walicheka chini chini. Mariette naye, kidogo.

Gérard aliingia jua limekwisha kupanda. Ni mzaliwa wa Kayna, mtu wa hapa hapa, mwenye kusalimia watu. Alipoambiwa, alivua kofia, akamwingiza ofisini mwake.

"Pole, Mama Mariette. Pole sana. Kaa." Akafungua kompyuta, akasoma. "Lakini mama yako, si tulikupatia siku za kilio? Tulikuya hata kulia na wewe."

"Ule ni mama alinizaa."

"Na huyu?"

"Alinikomalisha. Mudogo yake."

Gérard alishusha pumzi. "Mimi ninasikia. Mimi pia niko na bapapa batatu. Lakini patron, mwenye depo, iko Kinshasa, na mashini yake inajua mère, ni kusema mama, mara moja tu. Nikiandika mère tena, atasema tunadanganya, atatufukuza bote. Niandike tante. Leo tu, bila mushahara, kesho unarudia kazi. Sema tu tante, unaenda sasa hivi. Mulinzi Nzanzu atakufungulia portail."

Nje wingu lilikuwa limeshakaa juu ya kilima. Mariette aliwaza watoto. Aliwaza pikipiki na matope ya njiani. Neno moja, si kitu. Petro wa Injili naye, alipomkana Yesu, hakuombwa zaidi ya neno moja, tena kulikuwa na baridi, moto ulikuwa karibu, na aliyemuuliza alikuwa mjakazi tu.

Alifungua kinywa. Simu ikalia mkononi mwake. Sauti ya Paulin ilikuwa kubwa, hata Gérard aliisikia yote.

"Yaya, uko wapi? Padri amefika. Batu banasema tufunge, mimi nimekatala. Mama anakungojea."

"Ninakuya," alisema, akakata simu.

Gérard alikuwa ameweka vidole juu ya mashini. "Sasa, Mama Mariette? Niandike?"

"Unaniita mama," alisema polepole. "Ni mimi nilikuzaa?"

"Ile ni heshima."

"Huyu alininyonyesha wakati ule mwingine alikuwa mugonjwa. Nikimuita tante hapa, kule nitamufunika uso na mukono gani?"

"Usinitie ku matatizo, mama. Ukitoka bila karatasi, nitaita mwingine. Banangojea pale inje, unabaona." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. "Neno moja tu."

Mariette alisimama. Akafungua kikwembe cha kazi alichokuwa amekifunga juu ya nguo yake, akakikung'uta vumbi la kahawa, akakikunja vizuri kama kinachorudishwa kwa mwenyewe, akakiweka mezani kando ya kompyuta. Gérard alikitazama. Hakukigusa.

Mlinzi Nzanzu alimwona akija, akamtazama mkubwa wake dirishani, akingoja alama. Alama haikuja. Akainama, akafungua kufuli.

Nje, wanawake waliokuwa wanangoja walisimama wote pamoja, shingo ndefu, wakitafuta kwa macho kibao kilichobaki kitupu. Mariette alifunga kitambaa kichwani, akapita katikati yao, akashika njia ya Musienene.