Maneno Ambayo Lorna Hakuyasikia

Kitendawili! Haya, itikieni. Uso wake unamlisha kila mtu, lakini jina lake limeandikwa mgongoni.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nami siutaki mji wa mbali na moyo wangu; nipeni Burslem, mji wa wafinyanzi kule Uingereza, ambako hata mtoto anayejikongoja angewajibu: sahani. Mtu wa Burslem akialikwa kula, iwe kwa jirani au kwenye harusi ya wakubwa, kabla hajaonja chochote ataichungulia sahani kwa chini aone imepigwa mhuri wa kiwanda gani. Hana ubaya. Ni kama mnavyomtazama mgeni mlangoni mkamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Huko ndiko alikozaliwa Lorna Bloor. Baba yake, Clifford, alikuwa mchomaji wa vyombo kwenye tanuri, na mama yake, Maureen, alichora maua kwenye sahani za kiwanda kilekile. Walikutana mlangoni, Clifford akiingia na vumbi, Maureen akitoka na rangi vidoleni. Lorna, mtoto wao wa pekee, hakuvutwa na udongo wala rangi. Alivutwa na kamera. Alianza na ya kuazima kwa mjomba wake, akapiga picha za njiwa wa majirani, za harusi, za mvua ikishuka kwenye mabomba ya moshi ya tanuri za zamani. Jioni akimkuta baba yake amekaa, anampiga picha na yeye.

"Unapiga nini hapo, bata?" Clifford aliuliza. Kule watu huitana bata, mkubwa kwa mdogo, na hakuna anayekasirika.

"Mikono yako, baba."

"Ina nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Ukishajua unishtue. Mimi nimezeeka nayo na haijaniambia kitu."

Akakua, akaenda London kutafuta kazi ya filamu. Alianzia chini ya chini: kubeba nyaya, kuchemsha chai ya waigizaji, kulala kwenye sakafu za marafiki huku akiandika filamu yake mwenyewe magotini. Nyumbani aliwapigia simu Jumapili. Clifford alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa, lile vumbi la kiwandani limemkaa mapafuni, lakini ugonjwa ukikaa sana nyumbani huwa kama paka: watu wanamruka tu wakipita. "Baba anaendeleaje?" "Anakohoa." "Na wewe?" "Namsikiliza akikohoa." Wanacheka kidogo, simu inakatwa.

Hatimaye Lorna akapata nafasi ya kutengeneza filamu yake ya kwanza, fupi, juu ya mwanamke anayeuza vifungo sokoni. Aliiongoza mwenyewe, na kazini kwake kulikuwa na sheria aliyoiweka yeye: kamera ikianza, simu za wote huzimwa na kuwekwa kwenye kikapu. Siku moja ya kazi hiyo, jioni, alipoitoa simu yake kikapuni na kuiwasha, akaona mama yake amempigia tangu asubuhi, mara nyingi, na ya mwisho ilikuwa mchana. Akampigia. Maureen akapokea, akasema, "Ameshapumzika, bata. Hamna haja ya kukimbia sasa."

Filamu ya vifungo ikapendwa. Ilionyeshwa Sheffield, ikaonyeshwa ng'ambo, na gazeti moja likaandika kwamba huyu binti ana jicho la picha. Watu wakampa mkono. Lakini mkono wa pongezi ukipewa mfiwa huwa mzito kama gunia la chumvi, na Lorna aliubeba kila alikokwenda.

Lakini nirudi nyuma kidogo: baada ya mazishi, wageni walipokwisha kula mikate ya nyama na kuondoka, mama na binti walibaki jikoni wakiosha vikombe. Hapo ndipo Lorna alipouliza, bila kumtazama mama yake.

"Mama. Siku ile, baba aliniulizia?"

Maji yalikuwa yakitiririka. Maureen akamsogezea kikombe.

"Kausha hivi vikombe, bata. Vikikauka vyenyewe vitabaki na madoa."

Lorna akakausha. Hakuuliza tena, wala Maureen hakujibu, na swali likakaa katikati yao kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Miaka miwili ikapita. Watu waliomwamini Lorna wakamkubalia atengeneze filamu ndefu, ya kwanza kwake, na yeye akachagua siku ya mwisho ya mchomaji wa vyombo wa Burslem, aliye nyumbani na mkewe. Akaomba kuipigia jikoni kwao. Maureen akasema, "Nyumba yako, piga. Ila zulia langu wasilikanyage na viatu." Lorna alijua kila kitu cha filamu ile isipokuwa kimoja. Yule mzee alisema nini mwisho? Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Akimpa maneno ya mapenzi anasikia uongo. Akimnyamazisha anasikia uoga wake mwenyewe. Na kama filamu ile haina mwisho, haina kitu. Aliwaambia wenzake mwisho utakuja wenyewe. Moyoni alijua unakaa jikoni, umevaa aproni, unachemsha chai.

Kazi ilipokuwa karibu kuanza, mwigizaji aliyekuwa acheze mke akapata kazi kubwa ya televisheni, akaomba radhi, akaondoka. Lorna alikaa mezani na Desmond Tams, mtu wa kurekodi sauti, aliyesoma naye shule moja tangu utotoni, mnene, mcheshi, mwenye masikio ambayo yalikuwa yakifanyiwa mzaha darasani na sasa ndiyo yanayomlisha. Maureen alikuwa jikoni anageuza chapati za oti, nafaka ya kwao, zenye jibini.

"Tutampata wapi mwanamke wa kukaa jikoni kwa Maureen Bloor," Desmond alisema, "akae kama Maureen Bloor?"

"Ninyi macho mmepewa ya kutazamia," Maureen alisema bila kugeuka, "au ya kupamba uso?"

"Mama, si kazi nyepesi."

"Kukaa? Nimekaa jikoni humu maisha yangu yote na hajatokea mtu wa kunambia 'kata'. Kula chapati, Desmond, umekonda."

"Nimekonda wapi, Bi Maureen?"

"Akilini."

Ndivyo Maureen alivyoingia kwenye filamu ya binti yake. Wa kucheza Clifford alikuwa Roland Askey, mzee mpole kutoka Leeds, aliyevalishwa sweta la Clifford lenyewe. Siku ya kwanza alipokohoa, alikohoa vizuri mno. Maureen alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema alikuwa anamtazama paka. Hawana paka.

Ikafika siku ya mlo wa mwisho. Mezani maini na vitunguu, viazi vya kuponda, mchuzi mzito. Kazi ya Maureen ilikuwa ndogo: amwekee mumewe sahani, akae, amtazame. Lorna akasimama nyuma ya kamera. Kimya. Maureen akaibeba sahani iliyojaa, akafika kwa Roland, na badala ya kuiweka akainyanyua mpaka usawa wa macho yake, akaichungulia kwa chini. Mchuzi haukumwagika hata tone.

"Kata. Mama, umechungulia sahani."

"Sijachungulia."

"Umechungulia."

"Hata mimi nimesikia, Bi Maureen," Desmond alisema. "Sauti ya kuchungulia ninayo hapa, nimeirekodi."

Wakacheka, wakarudia. Maureen akaichungulia tena. Wakarudia, maini yakapashwa moto, akaichungulia tena, safari hii polepole, kama anayemwonyesha mtu. Mwanga wa dirishani ulikuwa unabadilika na Lorna alianza kupandwa na hasira, maana watu wa London wangesema binti wa Burslem ameshindwa na sahani ya mama yake.

"Mama, tafadhali. Sahani ni zako. Mhuri wake unaujua kuliko jina langu. Unatafuta nini chini?"

Maureen akaiweka sahani. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Sitafuti mimi," alisema. "Hii niliichora mwenyewe. Kila mchoraji alikuwa na alama yake, kule nyuma, ili kazi yake isipotee kwenye za wenzake. Yangu ni jani dogo. Baba yako tangu tuoane, kabla ya kula anaiinua sahani, anatazama chini, anasema, 'Hii imetoka kwa fundi.' Kila siku. Hata tukigombana. Anakula na hasira zake lakini kwanza anasema."

"Mimi nakumbuka anachungulia," Lorna alisema taratibu. "Nilidhani ni mazoea tu, kama kila mtu."

"Kila mtu anatazama kiwanda. Yeye alikuwa ananitazama mimi." Akaizungusha sahani kidogo. "Siku ile mikono haikuwa na nguvu. Ikabidi nimwinulie."

Roland aliyashusha macho, akalishika pindo la sweta lisilo lake. Lorna alitaka kumshika mama yake, akaona akimshika sasa kila kitu kitamwagika, mchuzi na wao wote. Akarudi nyuma ya kamera.

"Tunarudia," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mama, mwinulie."

Wakapiga. Maureen akaibeba sahani, akainama karibu na bega la yule mzee, akaiinua juu ya macho yake kwa mikono miwili. Roland, ambaye hakuwa ameandikiwa neno hapo, alitazama juu, akaona jani dogo la rangi ya samawati, akapumua. Maureen akaishusha, akakaa. Lorna alisubiri muda mrefu kabla ya kusema kata, na alipolisema lilitoka kama kunong'ona.

Sasa watu wa filamu wana desturi yao. Wakimaliza kupiga mahali, kabla hawajasogeza hata kiti, wote husimama kimya kiasi cha dakika moja ili mtu wa sauti arekodi ukimya wa chumba. Maana kila chumba kina ukimya wake, na wa jikoni haufanani na wa kanisani. Baadaye huutandika chini ya maneno kama shuka. Desmond akasema, "Ukimya wa chumba, jamani. Kila mtu pale alipo." Akavaa visikizio vyake, akainua kidole.

Hapo kulikuwa na friji ikinguruma kidogo, na bomba la joto likigonga ukutani. Kwa mbali, gari. Roland hakuondoka kwenye kiti cha Clifford. Maureen alikuwa ng'ambo ya meza, mikono juu ya kitambaa, akilitazama lile sweta. Lorna aliegemea mlango na hakuthubutu kumeza mate.

"Alikuulizia," Maureen alisema.

Kidole cha Desmond kilibaki juu. Hakumkatiza.

"Mara mbili. Ya kwanza nikamwambia simu yako haipokelewi, uko kazini. Akasema mwache, usimsumbue, anafanya kazi." Maureen bado alilitazama sweta. "Ya pili sikuweza kumwambia vile tena. Nikamwambia uko njiani. Nikamwambia umeshafika Stafford, hapo karibu tu, treni inaingia sasa hivi. Nilimdanganya mtu anayekufa, bata. Ndiyo maana nilikupa vikombe ukaushe. Ningekwambiaje alikuulizia, bila kukwambia nilivyomjibu?"

Friji ikazima yenyewe, na jikoni pakawa kimya zaidi ya kimya. Lorna aliondoka mlangoni. Alipita mbele ya kamera, jambo ambalo angemfokea mtu yeyote kwa kulifanya, akapiga magoti kwenye lile zulia lisilokanyagwa, viatu vikiwa miguuni, akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Uliposema niko Stafford," aliuliza, "akasemaje?"

Maureen alimtazama mwanawe.

"Akasema nikuwekee chakula, nikifunike na sahani kisipoe."