Vipimo vya Baba Mukwe

Mimi Kamaldine, fundi wa nguo sokoni Kasongo, nimeshonea watu mpaka wa kutoka mbali, Wamaza, na hakuna aliyelalamika. Halafu nikamuposa Safia, na baba yake, Mzee Sumaili, akasema kwanza anataka shati ya vifungo, niishone mimi mwenyewe.

"Kanzu je, baba?" niliuliza.

"Kanzu inaficha makosa ya fundi. Leta shati. Ikinikaa, tutaongea ndoa. Isiponikaa, Safia atabaki kwetu."

Nikatoa metre yangu ya kupimia. Akaiangalia kama nimetoa nyoka mufukoni.

"We! Tangu lini mukwe anamushika mukwe wake kifua?"

Haya sasa. Mutu hapimwi, lakini shati imukae! Shati ya zamani ya kulinganisha hana. Maisha yake yote ni kanzu, na ndani ya kanzu ile mutu anaweza kuwa munene, mwembamba, hata wawili. Nilishinda nimekasirika. Nilimupenda Safia, nilimupenda kweli, ndiyo maana sikumwambia baba yake aende kuvaa gunia.

Kesho yake, swala ya alfajiri, nilisimama safu ya pili, nyuma yake kabisa. Alipoinama kwenye rukuu, kanzu ikamubana mugongoni. Loo! Mabega yale pale, kiuno kile pale. Mukeka wa musikiti una mistari, na nilishaipima: kila mustari vidole vinne. Nikahesabu mistari aliyoiziba, bega mpaka bega, kiuno mpaka kiuno. Siku nne sikukosa swala hata moja, mimi ambaye imamu alikuwa ananijua kwa Ijumaa tu. Mpaka akaniombea dua.

Nilishona shati nyeupe, vifungo saba, kola ngumu. Siku ya kuijaribu nilisimama mulangoni kwao, mikono nyuma, Safia akichungulia kwenye pazia. Mzee akavaa. Mbele vifungo vilivutana, tumbo likaonekana katikati. Nyuma kulibaki nafasi ya kuku kutagia.

Tasbihi ikamuponyoka Mzee. Akainama kuiokota, na shati ikamukaa sawasawa, mukunjo hata mumoja hakuna. Hakuinuka.

"Kamaldine," alisema, bado ameinama. "Siku hizi unasaliaka wapi?"

"Nyuma yako, baba."

"Na macho yako yanakuwaka wapi?"

Safia akafunga pazia.

Mzee akaketi polepole, kwa ajili ya vifungo. "Shati mimi nilishaisahau," alisema. "Siku ya pili tu nilimwambia mama Safia: kijana huyu hakosi swala, tumupe mutoto. Tulikuwa tumeshakubali."

Roho iliniuma, acha tu. Mimi na mistari yangu!

"Nisamehe, baba."

"Swala ishirini. Zirudie hapa, sasa hivi, mbele ya macho yangu. Ukimaliza, tutaongea ndoa. Na utoe hiyo metre shingoni."

Safia akaleta mukeka, amejiziba mudomo. Nikaanza. Kwenye rukuu ya kwanza nilisikia kiti kinavutwa, kinakuja mpaka nyuma yangu.

"Mama Safia, njoo uone," Mzee aliita. "Kumbe ni kweli. Hapa mugongo unaonekana vizuri."