Nyumba Iliyonyamazishwa

Nyumba ya fundi bati ilikuwa imefungwa mdomo. Kengele ya mlangoni ilitolewa betri, masufuria yalilazwa juu ya vitambaa, na mlango wa choo ulipakwa mafuta mpaka upepo ukaanza kuwafungulia waliomo ndani. Hata mama yake fundi, ambaye akisalimia uani huitikiwa mtaa wa pili, siku hizi alinong'ona, na kunong'ona kulimkaa kooni kama mfupa.

Yote hayo kwa ajili ya mke wa fundi, mpishi. Mtungi wa gesi ulilipuka katika jiko la hoteli alikokuwa akifanya kazi. Fundi, aliyekuwa amepeleka ndoo mpya hapo, ndiye aliyeingia kwenye moshi akamtoa. Majeraha yalipona, ila ndani hapakupona. Kishindo kidogo tu, moyo mbio, jasho chapachapa. Baadaye likaja lile la kulala akitazama ukuta, chakula hakina ladha, watu hawana maana.

Daktari alimweleza bila kujidai. Hatari ikitokea, ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli ili mtu apate nguvu za kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, ubongo huohuo huagiza: basi, inatosha. Kwake yeye, agizo hilo lilikuwa linachelewa kufika. Akampa vidonge, na akamtaka aje wazungumze kila Alhamisi. Mpishi akaanza kurudi kidogokidogo: kwanza usingizi, kisha hamu ya kula, kisha hamu ya kumtania mumewe.

Tatizo, mume hakukubali kutaniwa. Katika maelezo yote aliyosimuliwa, fundi alishika neno moja tu, homoni. Nyundo zake akazifungia ghalani, akabaki kuziba matundu ya ndoo za watu kwa kulehemu, kazi isiyo na kelele. Mke akipandisha sauti, "Polepole, homoni." Akicheka sana, homoni. Alihurumiwa hadi akachoka kuhurumiwa. Alimtaka mume wake, yule mbishi wa zamani, si huyu mlinzi wa wodi.

Alhamisi moja daktari akamwambia kwamba mwili hauwezi kujifunza kuwa kishindo si hatari ikiwa haukisikii kamwe. Aanze na kidogo, mahali salama, na aamue yeye mwenyewe lini. Mpishi hakukawia. Alifika nyumbani, akachomoa funguo za ghala kwenye koti la mumewe, akatokea uani na nyundo mkononi na kipande cha bati kwapani. Fundi akamjia mikono mbele, kama mtu anayezuia kuku.

"Mke wangu, weka chini. Daktari alisema..."

"Daktari amesema nipige. Wewe nishikie bati."

Akashika. Mpishi akapiga mara moja. Moyo ukaruka, jasho likamtoka mgongoni, akavuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa, akangoja. Moyo ulikaa huko juu kidogo, kisha ukaanza kushuka wenyewe. Akapiga tena. Kufikia pigo la tatu alikuwa na furaha tupu, ya kitoto, na mama mkwe alikuwa ameshapasua sauti huko ndani akiuliza ni nani anayebomoa nyumba.

Mpishi akageuka kumchekea mumewe. Fundi alikuwa amefumba macho. Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni, na bati lilikuwa likitetemeka mikononi mwake. Kwanza mpishi alidhani anafanya mzaha.

"Naona moshi," fundi akasema. "Kila ukipiga, naona moshi, na wewe sikuoni."

Mpishi akaiweka nyundo chini, polepole kuliko mtu yeyote alivyowahi kuweka kitu katika nyumba ile. Alijisikia vibaya, kisha akajisikia mwenye nguvu. Akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwekea kiganja kifuani.

"Utashuka wenyewe," akamwambia. "Fumbua macho. Mimi niko hapa, nilishatoka."

Wakakaa hivyo mpaka ukashuka. Mama mkwe alichungulia mlangoni, akaona, akarudi ndani.

"Alhamisi ijayo tunakwenda wote," mpishi akasema.

Fundi akafuta uso kwa kiganja, akauliza huko watu huvaa nini.