Mrija wa Kumi na Saba

...na eti timu, timu gani, Lenox ameshasema timu mara tatu tangu tukae kwenye ngazi hizi, timu yangu ilibuni kibao hiki, timu yangu ilipima, na timu yenyewe ni mimi na yeye na kibano changu cha kutengenezea saa, lakini kwa madam Mbithe, mkaguzi wa mionzi, amenitambulisha kama fundi wetu, fundi wetu, utadhani niliitwa kuzibua sinki, na madam akanisalimia vizuri tu, akaandika kitu kwenye fomu yake ya ukaguzi, si jina langu, nilitazama kalamu, ilisimama mapema mno, hata jina fupi kama Nzomo halingeenea... halafu Lenox akabandika polithini nyeusi ya mwisho dirishani, giza likatufunika, saa nne asubuhi Kileleshwa, jua linawaka huko nje na sisi watatu tumeketi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kama watu waliofungiwa stoo, dakika ishirini, akasema, taa ya aina hii huwezi kuihukumu kabla macho hayajazoea giza, alivyosema utadhani alizaliwa akilijua, na hilo nalo ni langu, nilimfundisha mimi, Ngara, kwenye meza yangu, miaka miwili iliyopita alipoleta saa ya marehemu babake, kijana ana digrii mbili za fizikia na hajui kwa nini mishale ya saa inang'aa bila betri, nikamfunika kichwa kwa koti langu, nikamwambia kaa humo, tulia, usichungulie, na baada ya muda akaanza kucheka mle ndani, fundi naona, naona kila namba... nikampa lenzi aone mirija ya kioo, myembamba kuliko punje ya mchele, ndani mna gesi ya tritiamu, mnururisho wake ni dhaifu hata kioo haupenyi, unagonga unga uliopakwa ndani ya mrija, unga unawaka, hautaki stima, hautaki jua, miaka kumi na zaidi, na hayo sikufundishwa na profesa, nilijisomea, nikajifunza kwa saa mbovu za watu, miaka ishirini na sita, na ni mimi niliyesema mbona kitu hiki hakiwekwi kwenye ngazi za nyumba, stima ikipotea watu wanashuka wakipapasa ukuta, akanitazama, akatoa daftari, akaandika. Aliandika. Mimi nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na kalamu, ndivyo ilivyoanza...

mlango wa chini unafunguka, mwangaza unapanda, ndoo inagonga ngazi, ni Naliaka anayeosha jengo hili, "Nyinyi bado mko hapo? Mnangoja Yesu ama mnangoja stima?" na Lenox haraka, "Tunangoja macho, mama," na madam Mbithe anacheka, mimi ningesema hivyo nani angecheka, "Macho yangu iko sawa," Naliaka anasema, "ni magoti imekataa," "Basi funga mlango, mama, mwangaza unatuharibia," "Haya, kaeni na giza yenu," unafungwa. Mwaka jana alianguka hapa hapa na beseni la nguo, stima ilikuwa imepotea, mkono ukakaa kwenye plasta wiki sita, na Lenox alipompelekea machungwa nilimwonea wivu hata kwa machungwa, sababu wazo lilikuwa langu na nilikawia sokoni nikichagua...

sasa kibao kinaanza kuonekana ukutani, kijani hafifu, kwanza kama doa ndani ya jicho, halafu N, halafu herufi nyingine zinaifuata, NJIA, mirija thelathini na miwili, kila mmoja na namba yake, kila mmoja kwenye kibali, maana hiki si kitu cha kuokota mtaani, mmoja ukipotea au ukivunjika lazima useme... na ule pale. Kwenye mkia wa J. Mimi nauona, wao bado, macho yangu yamezoea giza la ndani ya saa, lakini dakika chache tu watauona, J ina mkia uliokatika, wa kumi na saba, ulivunjika Jumanne mkononi mwangu, kibano kiliteleza, sauti ndogo, kama mtu anatafuna kichwa cha dagaa wa omena, nikafungua mlango na dirisha, nikatoka nje nusu saa kama inavyotakiwa, hayo nilifanya sawasawa, halafu nilipaswa kumpigia Lenox simu na sikumpigia, sababu ningesikia ile sauti yake ya upole, pole fundi, hutokea fundi, afadhali mtu anitukane... nikavuta droo, nikatoa saa kuukuu ambayo mwenyewe hakuirudia, nikang'oa mrija wake, urefu ule ule, rangi ile ile, nikaubandika, mchana hakuna anayejua, lakini tritiamu huzeeka, kila miaka kumi na miwili hivi mwanga unabaki nusu, na saa ile ni ya zamani, nilijua, mimi nilijua, mimi ninayemwambia mteja usoni saa hii haifai nenda nayo, mimi niliyemfukuza mtu dukani kwa kutaka nimbandikie jina la kigeni kwenye saa ya bei rahisi ya Gikomba... lakini mtengenezaji kwenye fomu ni nani, ni Lenox, aliyetia sahihi kwamba kila mrija ameukagua ni Lenox, basi na auone madam, amuulize yeye, timu yako ilikagua vipi, nikae hapa nisikie jibu, fundi wetu asiyekuwa na jina hana kosa pia, kuna utamu ndani yake, nausikia ulimini kama kitu cha kuiba...

"Tisa zimebaki," anasema madam. Na Lenox anaegemea, mdomo karibu na sikio langu, "Fundi. Kumi na saba si wetu." Nakaza macho kwenye J. "Niliuona Alhamisi usiku. Nimeandika barua, nitampa tukimaliza. Nimesema nilivunja mimi." Namuuliza kwa nini. "Wakiandika ni wewe watakukataza kugusa mirija. Sasa nani atabandika, mimi? Mikono yangu unaijua." ...Alhamisi. Siku nne ananitazama anajua, ananinunulia chai anajua, na mimi siku hizo zote nikihesabu timu zake, na sasa ataisimamia kweli mbele ya madam, hata hiyo ni nusu uongo lakini atatoka msafi kuliko mimi, amechukua wazo, amechukua kicheko, amechukua machungwa, sasa anataka na hiki, kitu pekee ambacho sikuwahi kujifunza kwa mtu, kusema jambo lilivyo, na ninagundua gizani hapa kwamba si digrii niliyomwonea wivu, si kalamu, ni huo moyo wake usio na haraka, anavyoweza kubeba kosa la mwingine kama mtu anabeba mkoba wa jirani... hapana. Hiki sikupi.

"Madam," nasema, inatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ngazi nzima inaitika. "Ndiyo, mzee." "Usiwashe kitu, shika tu kichwani, utaandika baadaye. Tazama mkia wa J. Ule mrija niliuvunja mimi, Nzomo, nikaweka wa saa kuukuu. Huyu hakujua." Na hilo la mwisho ni uongo, limenitoka laini bila kunikwama popote, na Lenox pembeni anavuta pumzi aseme, namkanyaga kiatu, nakaza, nyamaza kijana, bado dakika nane.